Mche wa Mlangoni

Mtu mmoja alikuwa na kitalu cha miche ya parachichi kando ya barabara inayopanda kwenda kwenye mashamba ya chai. Jina lake lilikuwa Ambakisye. Alikuwa hodari wa kubebesha, yaani kuunganisha kijiti cha mti bora juu ya shina la mche mwingine. Kikonyo, yaani kijiti hicho, alichokifunga kwa mkono wake kilishika, na watu walitoka kata za mbali kuja kununua kwake. Lakini alikuwa na desturi moja, nayo ndiyo iliyozaa habari hii. Kila msimu alichagua mche uliowashinda wenzake wote, akauweka mlangoni juu ya tofali ili wapita njia wauone. Mche ule haukuwa wa kuuzwa. Mteja akiutaka, Ambakisye alitabasamu na kumwambia kwamba ule ni wa mlangoni, aingie achague mwingine. Na mteja aliingia, kwa kuwa aliyeona cha mlangoni huamini vya ndani.

Alikuwa pia na binti, Tusajigwe, wa kidato cha pili katika shule ya sekondari ya kata. Siku za Jumamosi, mama yake akiwa amekwenda kuchuma chai, Tusajigwe alimsaidia baba kupanga viriba, ile mifuko myeusi ya plastiki inayojazwa udongo na kuoteshwa miche. Ambakisye alitaka viriba vikae kwa safu zilizolingana ili avihesabu kwa kupitisha jicho tu. Hapo ndipo mtoto alipoanza kuona mambo. Viriba kumi na viwili vilikubali: safu tatu za vinne, au safu mbili za sita. Kumi na vitano vilikubali pia. Lakini saba vilikataa. Kumi na kimoja vilikataa, na kumi na vitatu vivyo hivyo. Hata ufanyeje, safu hazilingani, labda uvipange vyote mstari mmoja kama watu wanaongoja bombani.

Tusajigwe akaziita namba kaidi. Alizitafuta kitaluni kila Jumamosi, akaziandika kwa mkaa kwenye ubao wa banda: kumi na saba, kumi na tisa, ishirini na tatu. Akagundua kwamba kadiri unavyokwenda mbele ndivyo zinavyokuwa adimu. Siku moja akaacha ndoo ya maji katikati ya njia, akamwuliza baba yake kama namba kaidi zina mwisho. Yaani, iko moja ambayo ni ya mwisho kabisa, na baada yake viriba vyote duniani vinakubali kupangwa? Ambakisye alisema hajui, na alisema kweli. Akamwambia awaulize walimu, maana ndiyo kazi yao.

Mkuu wa shule alimpenda sana Tusajigwe. Sitaki mtu aondoke hapa akidhani bwana yule alikuwa mbaya. Shule yake haikuwa na maabara, nusu ya madirisha hayakuwa na vioo, na kwa miaka mingi ilishika mkia katika hisabati. Halafu akaletewa mtoto huyu. Basi wageni walipokuja, wawe maofisa elimu au watu walioleta madawati, Tusajigwe aliitwa kutoka darasani na kusimamishwa mbele yao. Mgeni alitaja namba mbili kubwa, mtoto akazizidisha kichwani, mgeni akatoa simu kuhakikisha, makofi yakapigwa. Siku ya wazazi alipewa madaftari sita na mche wa sabuni. Ambakisye alikuwa amekaa kiti cha mbele kabisa, na kwa nini nifiche, kichwa kilimvimba.

Kuhusu zile namba kaidi, mkuu alimsikiliza mtoto hadi mwisho, akampigapiga begani, akamwambia kwamba hilo halimo kwenye mtihani. Darasani Tusajigwe alimaliza maswali kabla mwalimu hajamaliza kuyaandika ubaoni. Akaambiwa angoje wenzake. Akangoja. Akapewa madaftari ya wenzake asahihishe, akasahihisha. Muhula wa kwanza ulipita hivyo, na wa pili ukaanza hivyo hivyo. Jumamosi moja mvua ilifuta maandishi ya mkaa kwenye ubao wa banda, na hakuyaandika tena.

Mama yake ndiye aliyeona kwanza. Alimwambia mumewe, "Mtoto huyu ana njaa." Ambakisye akatazama sufuria, kwa kuwa chakula kilikuwapo na kingine kilikuwa kimebaki. Ilimchukua siku mbili mwanamume yule kuelewa alichoambiwa, na alipoelewa alianza kutafuta.

Alitafuta kwa bidii, tena kwa kutojua. Alinunua mjini kitabu kinene cha mitihani iliyopita. Tusajigwe alikimaliza kwa siku tisa, akakifuta vumbi, akakirudisha mezani. Akampeleka kwenye tuisheni iliyosifiwa sana, ukumbi mzima wa vijana wakikariri kanuni kwa sauti moja. Mtoto akarudi akisema kichwa kinamuuma. Akamwomba mkuu ampe vitabu vya kidato cha nne. Vikatolewa, vikasomwa, na humo mlikuwa na hesabu zile zile zimevaa viatu vikubwa zaidi. Kila alichopewa Tusajigwe alisema asante. Asante hizo zilimchoma baba yake kuliko malalamiko, maana alijua sauti ya mtu aliyeshiba na hakuisikia.

Ndipo alipokuja pale shuleni mwalimu wa mazoezi aitwaye Sekela, msichana kutoka chuo cha ualimu cha mjini, akae wiki nane kisha arudi kumaliza masomo yake. Wiki ya kwanza aliona kuna mwanafunzi anayetazama nje ya dirisha. Hakumkemea. Alimfuata wakati wa mapumziko, akakaa naye kwenye ukingo wa veranda, akamwuliza anawaza nini. Tusajigwe akamweleza habari ya viriba. Mwalimu Sekela akamwambia kwamba swali hilo watu wameliuliza tangu zamani sana, katika nchi ambazo hazijawahi kuona parachichi, na kwamba jibu lipo. Lakini hakumpa. Alisema akimpa atakuwa amemnyang'anya.

Siku ile Tusajigwe alirudi nyumbani anakimbia. Ambakisye alimwona kutoka mbali, akadhani kuna msiba. Kumbe mtoto ameambiwa tu kwamba hayuko peke yake; kwamba kuna watu, wengine wameshakufa na wengine wapo, ambao nao walipanga vitu kwenye safu wakakuta vingine vinakataa. Alilieleza hilo akihema, na uso wake ulikuwa umefunguka kwa namna ambayo baba yake alikuwa ameisahau. Tangu hapo alikuwa akilizungusha lile swali mchana kutwa, na ubao wa banda ukajaa mkaa upya.

Mwalimu Sekela alipokaribia kuondoka alifika kitaluni na karatasi. Alieleza kwamba pale chuoni kwao, kila Jumamosi, wakufunzi wawili hukaa na watoto kumi na wawili kutoka shule mbalimbali. Hawafundishi kwa ajili ya mtihani. Huweka swali moja ubaoni, na swali hilo linaweza kula mwezi mzima. Mtoto wa mbali hupewa kitanda katika shule ya wasichana iliyo jirani na chuo, akahamia na kusoma huko. Nafasi moja ilikuwa wazi. Walichukua walio kidato cha pili tu, maana wakishavuka hapo mitihani huwameza. Karatasi ilitaka saini mbili, ya mzazi na ya mkuu wa shule, na ilipaswa kufika chuoni kabla mwezi haujaisha. Mwalimu Sekela aliiweka mkononi mwa Ambakisye, akaaga, akaondoka.

Kesho yake mkuu wa shule alikuja kitaluni kwa miguu. Alikuwa amesikia. Aliketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, akazungumza kwa upole, akimwita Baba Tusajigwe. Alisema mtoto ni mdogo bado, mjini ni mbali, na angoje amalize kidato cha nne hapa hapa, kisha milango yote itamfungukia. Alisema wadogo zake wa kidato cha kwanza wanamtazama yeye. Alisema jina lake litaandikwa kwa rangi kwenye ubao wa getini, la kwanza kabisa, wapita njia wote walisome. Mwisho akasema, akiangalia chini, kwamba akiondoka huyu hajui atawaonyesha nini wageni.

Ambakisye hakubisha. Alijiambia kwamba mkuu ni msomi na anajua zaidi. Huo ndio uongo aliojiambia. Ukweli ni kwamba alitaka kumwona mwanawe. Alitaka kumwona kila jioni akiingia kwa kile kijia cha pembeni, mkoba begani, midomo ikichezacheza kwa hesabu. Na alitaka watu waendelee kumsimamisha sokoni wakimwuliza kama yeye ndiye baba wa yule binti. Basi akaichukua ile karatasi, akaikunja mara mbili, akaiweka bandani chini ya kopo la mikasi ya kubebeshea. Akasema wiki ijayo. Wiki ijayo ilipofika akasema ijayo tena.

Tusajigwe alijua karatasi iko wapi. Kila Jumamosi aliinua kopo lile kuchukua mkasi, na kila mara alilirudisha vile vile alivyolikuta, ncha ya karatasi ikiwa imechungulia upande ule ule. Hakuuliza. Alikuwa mtoto aliyelelewa kutomsukuma baba yake. Lakini Ambakisye alimwona mara moja, wakati mtoto hajui kwamba anaonwa, amesimama mbele ya kopo, mikono nyuma, kama mtu anayesoma jina kwenye kaburi. Ambakisye akarudi nyuma taratibu, akaenda kumwagilia miche iliyokuwa imeshamwagiliwa.

Mwezi ulikuwa umebakiza siku tatu alipokuja mama mmoja, mteja wa mwaka uliopita. Mwaka huo uliopita Ambakisye mwenyewe ndiye aliyemfundisha kwamba mtu asinunue mche kwa kutazama majani; aombe kuona mzizi. Ndivyo alivyowafundisha wateja wote. Kiriba ni nyumba ya muda, aliwaambia. Mche ukizidisha muda humo, mzizi hukosa pa kwenda, ukaanza kuzunguka. Na ukishazoea kuzunguka, hata uupande wapi, utazunguka tu. Utakaa kijani miaka miwili, mitatu, kisha upepo wa kawaida utauangusha, nawe utadhani ni upepo.

Mama yule aliusifu mche wa mlangoni, kisha akatania kidogo, akauliza kama na ule una mizizi au ni wa kupigia picha. Ambakisye akacheka. Majani ya mche ule yalikuwa yameanza unjano pembeni, naye alikuwa ameuongezea mbolea mara mbili bila kujiuliza zaidi. Ulikuwa msimu wa pili sasa mche huo ukiwa pale. Ulikuwa mzuri mno, hakuwa na moyo wa kuubadilisha. Akachukua wembe, akachana kiriba kutoka juu hadi chini, ili amwonyeshe mteja kazi ya mikono yake.

Udongo ulikuwa umekwisha. Ndani mlikuwa na mzizi mtupu, mnene, umejiviringisha na kujikaba wenyewe, umefuata ukuta wa mfuko ukazunguka, ukazunguka. Mama yule alitazama. Akaingia ndani, akachagua miche yake minne, akaiangalia mizizi mmoja mmoja, akalipa, akaaga kwa heshima.

Tusajigwe alifika na ndoo. Aliiweka chini, akachuchumaa. Akaushika mzizi kwa kidole, akaufuata kutoka shinani, akihesabu mizunguko kimoyomoyo, kwa kuwa hakuna kitu ambacho hakukihesabu. Ulipoishia aliuachia, akapangusa kidole kwenye sketi yake.

"Baba," alisema, "huu ndio ulikuwa mzuri kuliko yote."

Hakuwa anajisema yeye. Alikuwa anausikitikia mche, basi. Ndiyo maana neno lile lilimwingia baba yake hadi kwenye mfupa. Ambakisye alisimama na wembe mkononi, machozi yakamjia, naye hakuyafuta. Kisha akaenda bandani, akainua kopo la mikasi, akaikunjua karatasi juu ya goti na kutia saini yake, polepole, kama mtu asiyeandika mara nyingi.

Akatoka hivyo hivyo na matope yake, karatasi mfukoni, mche uliochanwa mkononi. Alimkuta mkuu wa shule getini, amesimama na mpaka rangi, wanapima ubao. Ambakisye aliweka mche chini, mbele ya miguu ya mkuu, mzizi ukiwa nje. Mkuu wa shule alikuwa mtoto wa mkulima, na mwenyewe alikuwa na miparachichi nyuma ya nyumba, hakuhitaji kuelezwa. Aliutazama muda mrefu. Mpaka rangi akauliza kama aendelee. Mwisho Ambakisye akatoa karatasi, mkuu akanyoosha mkono akaipokea, akaiegemeza kwenye ule ubao mtupu, akatia saini amesimama. Akairudisha. Alimwomba Ambakisye amsalimie mtoto, kana kwamba mtoto ameshaondoka.

Walipanda basi la asubuhi, baba na binti, wakafika chuoni siku ya mwisho ya mwezi, nayo ilikuwa Jumamosi. Mlinzi aliwaonyesha chumba kilicho mwisho wa ukumbi. Ambakisye alitegemea kusikia kelele, kama ile ya tuisheni, lakini mlikuwa kimya. Watoto kumi na mmoja walikuwa wamezunguka meza moja. Ubaoni paliandikwa swali fupi, na hakuna aliyekuwa anaandika chochote. Mmoja alikuwa amelaza kichwa mezani. Mwingine alikuwa akipanga vizibo vya soda kwenye safu, anavivuruga, anapanga tena. Tusajigwe alisimama mlangoni akiviangalia vile vizibo. Kisha akaenda, akavuta kiti kilichokuwa wazi, akasogeza kizibo kimoja. Mwenzake akamtazama, akamsogezea vingine.

Mkufunzi alipokea karatasi na kusema imefika kwa wakati. Ambakisye aliliweka begi la mwanawe ukutani, akangoja kidogo pale mlangoni. Tusajigwe alisahau kumuaga baba yake. Baba alingoja tena kidogo. Kisha akashika njia ya kurudi kituo cha basi, na njia nzima alikuwa akishukuru na kuumia kwa pamoja, asiweze kutenganisha kipi ni kipi.

Nyumbani kimya kilikuwa kikubwa. Jumamosi zilipofika alipanga viriba peke yake, na alikosea safu, kwa kuwa alikuwa akiangalia kile kijia cha pembeni. Mama Tusajigwe alipika kipimo kile kile cha zamani kwa majuma mawili kabla mkono wake haujajifunza. Shuleni ubao wa getini ulipakwa rangi, likaandikwa jina la shule tu. Sokoni watu waliuliza binti yuko wapi, na baada ya muda wakaacha kuuliza.

Mwezi wa tatu tangu binti aondoke, kondakta wa basi aliteremsha bahasha. Barua ilikuwa fupi. Tusajigwe aliandika kwamba hajaambiwa jibu na mtu. Amelipata mwenyewe, baada ya Jumamosi tisa, na ameliandika kwa viriba ili baba alione kwa macho. Chukua namba kaidi zote unazozijua, alisema, uzizidishe pamoja, kisha uongeze kiriba kimoja. Jaribu kuvipanga kwa safu za kaidi yoyote uliyoitumia. Kila mara kitabaki kimoja. Na kwa kuwa idadi yoyote ya viriba ama ni kaidi yenyewe ama hupangika kwa safu za kaidi fulani, lazima iko kaidi nyingine, ambayo hukuwa nayo kwenye orodha yako. Ukiiongeza hiyo, rudia, utaikuta nyingine. Chini kabisa alikuwa ameandika, kwa herufi kubwa kidogo: Haziishi, baba.

Ambakisye alitoka na barua. Akachukua zile ndogo, mbili na tatu na tano, zikampa thelathini. Akabeba viriba thelathini hadi mahali peupe, akaongeza kimoja. Akavipanga kwa safu za viwili viwili, kikabaki kimoja. Akavipanga kwa safu za vitatu, kikabaki kimoja. Akavipanga kwa safu za vitano, mgongo ukimuuma, na kile kimoja kikabaki tena pembeni ya safu zote, peke yake. Akakaa chini kando yake. Alimkumbuka mwanawe sana. Alikaa pale mpaka mkewe alipomwita, na alipoinuka alikiacha palepale.

Mlangoni kwake, juu ya lile tofali, hapana kitu hadi leo. Wateja humwuliza mche wa mlangoni uko wapi, naye huwajibu kwamba umepandwa. Nanyi mliokuja kusikiliza, wazazi na walimu, mlio na mche mzuri mlangoni na makofi ya wapita njia: mzizi wake mmeutazama lini?